Uchambuzi wa kisa: injini iliyopandikizwa iliyochemka kwenye mwendo wa kinyonga

Usuli

Gari linalozungumziwa hapa ni la porini, fupi, lenye ekseli nzima mbele na nyuma, na kiwandani lilitoka na injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.5. Mmiliki wa sasa alilinunua likiwa limeshabadilishwa injini: ilipandikizwa V8 (ya silinda nane) ya petroli ya lita 5.3, yenye bloki ya chuma na hedi za alumini, yaani sehemu za juu zinazofunika silinda, iliyong'olewa kwenye pikapu kubwa pamoja na gia boksi yake ya otomatiki na kompyuta yake. Upandikizaji huo ulifanywa na karakana nyingine, na kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kuridhisha. Mikono ya injini ilichomelewa sawasawa, shafti zilikatwa kwa urefu unaofaa, na hapakuwa na mtetemo wa kutia shaka.

Kazi ya gari ni kupanda miinuko ya mawe polepole, transfa, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa ekseli zote mbili, ikiwa kwenye gia nzito, kuvuka mito, na mara chache kusafiri kwenye lami. Matumizi hayo yana maana kubwa katika kisa hiki. Kwenye lami, upepo wa mwendo hupita wenyewe kwenye rejeta na feni huwa karibu haina kazi, lakini kwenye mwinuko wa mawe gari hutembea kwa kasi ya mtu anayetembea kwa miguu, hivyo kila lita ya hewa inayopita kwenye rejeta ni lazima ivutwe na feni. Mbele ya rejeta ya gari hili kulikuwa na kondensa ya kiyoyozi (kipozeo cha gesi yake) na kipozeo kidogo cha mafuta ya gia boksi, na mbele zaidi kulikuwa na winchi na taa mbili kubwa za ziada. Vyote hivyo vilikaa katika njia ya hewa.

Malalamiko na hatua zilizokwisha kuchukuliwa

Mmiliki alieleza kwamba gari linachemka porini na kutulia barabarani. Kwenye lami, kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, mshale ulikaa nyuzi 92 bila kutikisika, lakini kwenye mwinuko mrefu ulipanda taratibu hadi kupita nyuzi 105. Jambo la pili alilitaja kama nyongeza tu: wakati mwingine, baada ya kumaliza kupanda na kuanza kuteremka upande wa pili, mshale uliruka ghafla hadi karibu na 120 kisha ukarudi chini alipokanyaga mafuta kidogo.

Kabla ya gari kufika kwetu lilikuwa limeshafanyiwa mambo matatu. Kwanza, rejeta ilibadilishwa, ikawekwa ya alumini yenye safu nyingi zaidi za mirija na unene mkubwa zaidi, kwa hoja kwamba V8 inahitaji rejeta kubwa. Pili, themostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ilitolewa kabisa ili maji yazunguke bila kizuizi. Tatu, kifuniko cha rejeta kilibadilishwa, kikawekwa cha shinikizo kubwa zaidi. Kila hatua ilikuwa na mantiki yake, na mafundi wengi wangezichukua kwa mpangilio uleule. Hakuna hata moja iliyopunguza joto kwenye mwinuko, na ya pili iliongeza ulaji wa mafuta, kwa kuwa injini ilichelewa kupata joto lake la kazi na kompyuta iliendelea kuipa petroli nyingi kana kwamba bado ni ya baridi.

Vipimo

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa kutonunua kifaa chochote mpaka ijulikane joto linakwama wapi. Joto husafiri kwa hatua: kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji, kutoka kwenye maji kwenda kwenye mapezi (bati nyembamba) ya rejeta, na kutoka kwenye mapezi kwenda kwenye hewa. Hitilafu yoyote ya kupoza hukaa kwenye mojawapo ya hatua hizo, na kila hatua ina kipimo chake.

Tulianza na gasketi za hedi, zinazoziba kati ya hedi na bloki, si kwa sababu tulizishuku, bali kwa sababu kama zimepasuka basi kazi nyingine yote ni bure. Mfumo ulijazwa shinikizo la bar 1 ukiwa baridi, na haukushuka. Kisha, injini ikiwa ya moto, hewa iliyo juu ya maji ilipitishwa kwenye kile kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moshi. Kilibaki buluu. Mchanganyiko wa petroli na hewa pamoja na wakati wa cheche vilisomwa kwenye kompyuta, navyo vilikuwa sawa.

Kipimo cha pili kilikuwa tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia kwenye rejeta na yanayotoka. Tulitumia kipimajoto cha mwanga, na hapa pana mtego unaowapoteza wengi: alumini inayong'aa haitoi mwanga wa joto kama vitu vyeusi, kwa hiyo ukielekeza kifaa kwenye tanki la rejeta jipya lililong'arishwa, kitakuonyesha nyuzi nyingi pungufu ya ukweli. Tulibandika vipande vya tepu nyeusi ya umeme kwenye mdomo wa juu na wa chini wa rejeta, tukaviacha vipate joto la chuma, na kupima juu ya tepu. Gari likipanda polepole, maji yaliingia yakiwa nyuzi 106 na kutoka yakiwa 102, na joto la injini lilikuwa bado linapanda.

Tofauti hiyo ya nyuzi 4 ilisema mengi. Kama tatizo lingekuwa maji yasiyotembea, kwa sababu ya pampu mbovu au mirija iliyoziba, maji machache yanayopita yangekaa muda mrefu ndani ya rejeta na kutoka yakiwa yamepoa sana, na tofauti ingekuwa kubwa. Hapa maji yalipita kwa wingi na kutoka karibu na joto lilelile yaliloingia nalo. Rejeta ilikuwa inapata maji ya moto ya kutosha. Ilichokosa ni hewa ya kulichukua joto lile.

Ndipo tukageukia feni. Zilikuwa mbili za umeme, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 30, zimefungwa moja kwa moja kwenye mapezi kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopenya kati ya mirija, bila kava lolote la kuziba nafasi kati ya feni na kingo za rejeta. Hesabu yake ni fupi. Duara la sentimita 30 lina eneo la takriban sentimita za mraba 707, hivyo feni mbili zilifunika kama 1,414, ilhali uso wa rejeta ulikuwa wa sentimita 65 kwa 43, yaani karibu 2,800. Nusu ya rejeta ilikuwa haivutiwi hewa. Karatasi iliyoshikwa mbele ya grili ilinata katikati ya kila feni na kuanguka ilipofikishwa kwenye pembe.

Voltimita iliongeza jambo lingine. Kwenye betri kulikuwa na volti 13.9, na kwenye ncha za mota za feni zilifika volti 11.2 tu. Karibu moja ya tano ya umeme ilikuwa inapotea njiani, kwenye waya mwembamba uliolisha feni zote mbili na kwenye ardhi iliyofungwa juu ya rangi. Waya ule ulikuwa wa moto mkononi. Mota ya feni inayonyimwa volti huzunguka polepole zaidi, na upepo hupungua nayo.

Mwisho, uzi wa sufi ulioning'inizwa kwenye upenyo kati ya ubavu wa rejeta na bodi ulipeperuka kuelekea mbele. Maana yake ni kwamba hewa ya moto kutoka kwenye injini ilikuwa inazunguka pembeni ya rejeta, inarudi mbele, na kuvutwa tena. Kwenye gari la awali upenyo huo huzibwa na raba za kiwandani, na raba hizo hazikurudishwa rejeta ilipobadilishwa.

Mshale ulioruka kwenye mteremko

Yote hayo yalieleza joto linalopanda taratibu. Hayakueleza mshale unaoruka, na tulikataa kulichukulia jambo hilo kama sehemu ya ugonjwa uleule. Gari likiteremka kwa gia nzito, mguu ukiwa nje ya mafuta, injini huchoma petroli kidogo mno. Huo ndio wakati inapozalisha joto dogo kuliko wakati wowote wa safari. Zaidi ya hayo, bloki ya chuma, hedi na maji yake vina uzito mkubwa, na wingi kama huo hauwezi kupanda nyuzi 20 ndani ya sekunde chache na kushuka tena kwa haraka ileile. Mshale ulikuwa unasoma kitu kingine.

Sensa ya geji ya dasibodi ilikuwa imefungwa nyuma ya hedi ya kulia. Sensa ya kompyuta iko mbele ya hedi ya kushoto, na skana iliyosoma sensa hiyo haikuonyesha mruko wowote. Mbele ya gari ikiinama, nyuma ya hedi ndiyo inayokuwa juu kabisa, na hewa au mvuke wowote ulionaswa ndani hukimbilia huko na kuizunguka sensa. Ukikanyaga mafuta, pampu hukaza mtiririko na kulisukuma povu hilo.

Injini za aina hii zina matundu madogo kwenye ncha za hedi, yaliyowekwa makusudi ili mvuke utoke kupitia mrija mwembamba na kurudi juu ya rejeta. Kwenye gari hili matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa bolti, bila shaka kwa sababu rejeta iliyonunuliwa haikuwa na mdomo wa kupokea mrija huo. Tena, injini ililazimika kukaa juu ili sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya injini, isigongane na ekseli ya mbele, hivyo gari likisimama tambarare, kifuniko cha rejeta kilikuwa chini kuliko sehemu ya juu ya maji ndani ya injini. Ukijaza maji kwenye rejeta mpaka yamwagike, ndani ya hedi bado kuna hewa. Kwenye pikapu ilikotoka injini, urefu wa rejeta uliifanya hewa ipande yenyewe na kutoka.

Maamuzi na sababu zake

Tulianza na hewa iliyonaswa, ingawa si hiyo iliyomsumbua mmiliki zaidi. Sababu ni kwamba hedi ya alumini ikikaa na povu la mvuke mahali pamoja, chuma cha mahali hapo hupata joto kali bila geji kuonyesha, na huko ndiko nyufa huanzia. Bolti ziliondolewa, matundu ya mbele na ya nyuma ya hedi zote mbili yakaunganishwa kwa mirija hadi kwenye tanki dogo la alumini lililofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini, juu kuliko kitu kingine chochote chenye maji. Kifuniko cha shinikizo kilihamishiwa kwenye tanki hilo, kikawa cha bar 1 kama kawaida, na kifuniko cha rejeta kikazibwa. Mrija mwembamba ulitolewa juu ya rejeta hadi kwenye tanki, na hozi nene ikashuka kutoka chini ya tanki hadi upande wa pampu unaofyonza.

Themostati ilirudishwa, ya aina inayofunguka kwenye nyuzi 86, yenye kisahani cha pili cha chini. Nitarudi kwenye kisahani hicho kwenye uchambuzi.

Suala la feni lilikuwa na mjadala. Feni ya kuzungushwa na injini, yenye klachi ya mafuta mazito, huvuta hewa nyingi kuliko feni nyingi za umeme, na mafundi wa magari ya kazi huipendelea. Hata hivyo, kati ya pampu na rejeta kulikuwa na sentimita 9 tu. Pia gari huvuka mito, na feni inayozungushwa na injini ikiingia majini, mapanga yake huweza kupinda kuelekea mbele na kukata rejeta. Tulichagua feni moja ya umeme ya kipenyo cha sentimita 40, ndani ya kava la bati linalofunika uso wote wa rejeta, lenye kina cha kutosha kuruhusu hewa kutoka kwenye pembe kufika kwenye feni. Kwenye kava tulikata madirisha na kuyafunga raba nyepesi zinazofunguka kwa upepo wa mwendo, ili kava lisiwe kizuizi kwenye lami. Waya mpya wa milimita za mraba 10 ulitoka kwenye betri kupitia fyuzi na relei yake, ardhi ikafungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na swichi ikawekwa ndani ya gari ili dereva aizime feni kabla ya kuingia mtoni.

Penyo za pembeni zilizibwa kwa raba. Taa za ziada zilihamishwa hadi juu ya paa. Winchi ilibaki, kwa sababu mmiliki aliikatalia kuondoka, na alikuwa na haki.

Pendekezo moja la mmiliki tulilikataa: kuinua nyuma ya boneti kwa kuweka washa (vipete vya chuma) kwenye bawaba ili joto litoke. Gari likiwa limesimama joto hutoka kweli, lakini gari likitembea kwa kasi, mbele ya kioo ni mahali pa shinikizo kubwa la hewa, na hewa huingia kupitia upenyo huo badala ya kutoka, ikikabana na ile inayotaka kupita kwenye rejeta.

Matokeo

Mruko wa mshale ulikwisha mara moja na haukurudi. Geji ya dasibodi na sensa ya kompyuta zilianza kusoma karibu sawa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu injini ipandikizwe.

Joto la kwenye mwinuko lilipungua lakini halikutulia tulivyotaka. Kwenye mwinuko uleule lilishikilia nyuzi 99 kwa muda, kisha likaanza kupanda tena hadi 103. Volti kwenye feni zilikuwa 13.6, karatasi ilinata kila mahali, hivyo hapakuwa na cha kudai zaidi upande wa hewa. Kilichobaki ni kuuliza kama kuna joto jingine linaloingia kwenye maji mbali na la injini.

Lilikuwapo. Mafuta ya gia boksi yalipita kwanza kwenye kipozeo kilichomo ndani ya tanki la rejeta, kisha kwenye kile kidogo cha mbele. Kwenye mwendo wa polepole chini ya mzigo, konvata, yaani chombo cha mafuta kinachoshika nafasi ya klachi, huteleza mfululizo, na nguvu yote inayopotea kwenye mtelezo hugeuka joto ndani ya mafuta. Tulipima mafuta hayo yakiwa nyuzi 124, kiwango ambacho huyazeesha upesi. Rejeta ilikuwa inapoza vitu viwili huku ikipashwa moto na kipozeo kilicho mbele yake.

Mafuta ya gia boksi yaliondolewa kabisa kwenye rejeta na kupewa kipozeo chake chenye feni yake, kilichofungwa nyuma chini ya bodi, mahali palipokingwa na mawe. Dereva naye alishauriwa kushika gia ya kwanza ya transfa nzito badala ya kuiachia gia boksi ipande yenyewe hadi ya pili, kwa kuwa mzunguko mkubwa zaidi wa injini hupunguza mtelezo wa konvata na huzungusha pampu ya maji kwa kasi zaidi. Baada ya hapo joto la injini kwenye mwinuko lilisimama kwenye nyuzi 97, tofauti ya rejeta ikawa nyuzi 8, na mafuta ya gia boksi hayakupita 100.

Uchambuzi

Kilichochelewesha tiba ya gari hili ni neno moja, kuchemka, kutumika kwa hitilafu mbili zisizohusiana. Moja ilikuwa upungufu wa hewa ulioonekana injini ikifanya kazi ngumu. Nyingine ilikuwa mvuke ulionaswa ulioonekana injini ikipumzika. Kwa kuwa zote ziliishia kwenye mshale mmoja wa dasibodi, kila tiba ilijaribiwa dhidi ya zote mbili na kuonekana imeshindwa. Swali ambalo lingezitenganisha tangu mwanzo ni la kawaida kabisa: mshale unapanda lini hasa, na unapanda kwa kasi gani.

Rejeta kubwa haikuwa uamuzi wa kipuuzi, ila ilijibu swali ambalo halikuulizwa. Kwa makadirio, theluthi moja hivi ya nishati ya petroli inayochomwa huishia kwenye maji ya kupozea. Joto la kuondolewa hutegemea basi petroli inayochomwa kwa wakati ule, si ujazo wa injini ulioandikwa kwenye karatasi. V8 inayotambaa juu ya mawe haizalishi joto la V8 inayovuta trela kwa kasi kwenye lami, na gari hili lilitulia kwenye lami hata kwa kasi ya kilomita 90. Uwezo wa rejeta ulikuwa umeshathibitishwa na mwenye gari mwenyewe. Kibaya zaidi, rejeta nene ina upinzani mkubwa zaidi kwa hewa, na feni dhaifu zilizokuwapo huenda zilivuta hewa pungufu kuliko zilivyokuwa zikivuta kwenye rejeta ya zamani.

Kuhusu themostati, kuna imani iliyoenea kwamba ikitolewa maji hupita kwenye rejeta kwa haraka mno na kukosa muda wa kupoa. Hoja hiyo si sahihi. Maji yakienda haraka zaidi, rejeta hutoa joto zaidi, si pungufu. Hasara ya kuitoa iko kwingine. Kwenye injini nyingi, themostati ikifunguka, kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuona rejeta. Themostati ya kubahatisha yenye urefu usiofaa, ambayo kisahani chake hakifiki mahali pake, huleta hasara hiyohiyo, na kwenye injini zilizopandikizwa jambo hili hukutwa mara kwa mara.

Kifuniko cha shinikizo kubwa nacho kilipandisha tu kiwango ambacho maji huchemka. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti (dawa ya kupozea) huchemka karibu na nyuzi 108 bila shinikizo, na karibu na 129 chini ya kifuniko cha bar 1. Nafasi hiyo inatosha kabisa kwa injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 97. Kuiongeza hakuondoi joto hata nyuzi moja, bali huzitwisha hozi na kipashajoto cha ndani ya gari mzigo ambao havikutengenezewa.

Upande wetu, mpangilio wa vipimo ulifaa isipokuwa kwenye gia boksi. Joto la mafuta yake lingeweza kusomwa siku ileile ya vipimo vya kwanza kwa skana ileile, na kwa gari la otomatiki linalotambaa lilistahili kuwa miongoni mwa vipimo vya mwanzo, kwa kuwa kipozeo kilichomo ndani ya rejeta huifanya gia boksi kuwa sehemu ya mfumo wa maji.

Bado winchi inakinga kama robo ya grili. Kwenye vipimo vya mwisho hilo halikuleta madhara yanayopimika, lakini vipimo hivyo vilifanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Mmiliki ameelekezwa kukizima kwenye miinuko mirefu, na ikiwa atataka kukitumia huko, hatua itakayofuata ni kuishusha winchi ndani ya bampa.